Shikamoo ya Mzee Hoza

Mwanangu Zubeda,

Barua za watu huanza kwa kuulizana afya. Yako naijua, maana uko chumba cha pili na ninakusikia ukiimba huku unakunja nguo zile zile kwa mara ya tatu. Yangu unaijua pia: goti la kushoto, na ukaidi. Kwa hiyo tuyaruke hayo. Ni kichekesho mtu kumwandikia barua binti aliye upande wa pili wa ukuta, lakini tangu Jumatatu nimejaribu kukuambia haya kwa mdomo, na kila nikianza unaniuliza kama nimekunywa dawa. Karatasi haitaniuliza. Nitaiweka chini kabisa ya begi lako, chini ya kanga alizokununulia mama yako, na juu ya bahasha nitaandika usiifungue mpaka basi liwe limemaliza kona zote na kufika Mombo.

Sitakufundisha namna ya kuishi chuoni. Habari za maji ya kuchemsha, chandarua na wanaume wa Muheza mama yako amekwisha kuzimaliza, hasa hizo za mwisho, ambazo amezirudia mpaka nami nimeanza kuwaogopa. Mimi nina jambo moja tu.

Juzi nilikuwa nje ya jiko, nanoa jembe, nikakusikia ukimwambia mama yako, "Mama, naogopa nisije nikarudi si mimi." Mama yako akakwambia usibadilike. Shangazi yako alipokuja kukuaga akasema hivyo hivyo, na mwalimu wako pia. Kila anayeingia hapa na kuku wake au mayai yake ya kukuaga anakuacha na neno hilo, usibadilike, kana kwamba unakwenda huko kuwekwa kabatini. Mimi sitakuambia hivyo. Nimewahi kubadilika bila kujua, kisha nikakataa kubadilika wakati kila kitu kimebadilika, na yote mawili yalinitia aibu. Acha nikusimulie, maana uliwahi kuniuliza swali na sikukujibu.

Ulikuwa darasa la kwanza. Umekaa juu ya gunia nyuma ya kaunta, unachezea mawe ya mizani, meno ya mbele huna.

Wakati ule nilikuwa meneja wa duka la kijiji. Neno meneja lisikudanganye. Duka lilikuwa chumba kimoja, na meneja ndiye aliyefagia. Lakini ilikuwa miaka ya uhaba. Wewe pengine unakumbuka foleni tu. Sukari, sabuni, mafuta ya taa, kanga, hata viberiti, vyote vilikuja kwa mgao, na mgao wa kijiji chetu chote ulipita mikononi mwangu. Ufunguo wa duka niliuvaa shingoni kwa ugwe wa ngozi, juu ya shati, ili uonekane.

Huwezi kuamini nilivyopendwa. Harusini nilikaa mbele. Msikitini watu walinisogezea nafasi hata nikichelewa. Mbuzi akichinjwa, ini lilifika kwangu kabla mwenye mbuzi hajanawa mikono. Utani wangu uliwavunja watu mbavu, hata nilipousahau katikati. Nikadhani nina kipaji. Siku moja nikamwambia mama yako, "Watu wananipenda tu, sijui kwa nini." Mama yako akanitazama, kisha akaendelea kuchambua mboga.

Halafu zikaja shikamoo. Kwanza za watoto, ambazo ni haki. Kisha za watu wa rika langu, kwa mzaha. Kisha siku moja mama mmoja mwenye wajukuu akaniamkia huku akitazama gunia la sukari. Unajua huku kwetu shikamoo haitupwi hovyo. Mtu huwapa waliomtangulia, na akiikosea huwa gumzo la wiki nzima. Mara ya kwanza mtu anayenizidi umri aliponiamkia nilijifanya sikusikia. Mara ya pili nilicheka. Mara ya tatu sikumbuki nilifanya nini, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo, kwamba sikumbuki.

Mzee Hoza unamjua kama babu wa karoti, yule anayekuchumia ndimu. Hujui kwamba alikuwa jando moja na baba yangu. Baba alipofariki nilikuwa na miaka tisa, na aliyenibeba mabegani kutoka makaburini ni yeye. Aliyenishika mkono kunipeleka shule ni yeye. Hesabu nilizozitumia kupimia watu sukari nilizipata kwa sababu yake.

Mwaka ule mkewe, Bibi Mwanahawa, aliugua. Chakula kikamkataa. Kilichopita kooni ni chai tu, na chai bila sukari aliitema. Mzee alipanga foleni mara mbili, na mara mbili zamu yake ilipofika nikamwambia imekwisha. Haikuwa imekwisha. Nilikuwa na kilo sita nyuma ya pipa la mafuta ya taa, nimewawekea watu wangu, wale wanaonichekea vizuri. Yeye hakujua kunichekea. Aliniita Athumani, kama zamani, na siku nyingine hata hakunisifia shati.

Mara ya tatu foleni ilifika mpaka kwenye bomba la maji. Mzee Hoza alipofika kwenye kaunta akavua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili, akasema, "Shikamoo, Bwana Meneja."

Nami nikasema, "Marahaba."

Sikusema kwa dharau, mwanangu. Ningekuwa nimekusudia, pengine ningejisamehe mapema. Lilitoka lenyewe, jinsi mlango uliozoeleka unavyofunguka ukiusukuma kidogo. Nikampimia kilo mbili, zaidi ya mgao wa mtu, nikajiona karimu. Na hapo sauti yako ikatoka nyuma ya kaunta: "Tate, mbona Babu Hoza anakuamkia wewe?"

Nikakwambia unyamaze.

Bibi Mwanahawa alikunywa chai ile siku nane, akafariki. Baada ya hitima Mzee alikuja dukani. Hakupanga foleni. Aliweka juu ya kaunta sukari iliyobaki, imefungwa katika karatasi ile ile niliyoifungia, akageuka akaenda zake. Miaka ile hakuna mtu aliyewahi kurudisha sukari. Nilijua maana yake mara moja, na unajua nilifanya nini? Nikaimimina kwenye gunia, nikampimia aliyefuata.

Tangu siku hiyo tukipishana njiani alinisalimu kama mtu anavyomsalimu mgeni wa kupita, kwa adabu kamili, bila kusimama.

Kisha mambo yakafunguliwa. Kila kitu kikawa ruksa. Kijana mmoja akajenga kibanda cha mbao pale njia panda, akauza sukari kwa kikombe, sabuni za rangi tatu, betri na biskuti. Hakumuuliza mtu anatoka ukoo gani wala amepanga foleni tangu saa ngapi. Mitumba ikaja kwa marobota. Nilidhani foleni yangu itapungua kidogo kidogo, nipate muda wa kuzoea. Ilikwisha kwa majuma mawili. Kila asubuhi nikafungua saa mbili kamili, nikafuta vumbi kwenye kaunta na kwenye mizani, nikakaa. Ini la mbuzi likapotea njia. Utani wangu nao ukaacha kuchekesha, na Mungu ni shahidi, ulikuwa utani ule ule.

Duka lilipofungwa, nilifanya kosa la pili. Watu wakiuliza nikawaambia tunasubiri mzigo. Mzigo huo niliusubiri mwaka mmoja na nusu, nimevaa shati la mikono mirefu, kalamu mfukoni, ufunguo shingoni, wakati kile chumba kimekwisha kuwa cha mashine ya kusaga na kufuli limebadilishwa. Nilikuwa naogopa kuuvua. Niliona kama nikiuvua hapatabaki mtu ndani ya shati.

Aliyelima ni mama yako. Alipanda kabichi na karoti, akazibeba kichwani mpaka sokoni Soni, nami nikamsindikiza. Hilo la kusindikiza unalikumbuka na bado unalitumia kunicheka. Nilitangulia mbele hatua kumi, mikono mitupu, mwavuli kwapani, ili mtu asije akadhani mzigo ule unanihusu. Siku moja mvua ikatukuta njiani. Nikafungua mwavuli nikajifunika. Mama yako, maji yanamchuruzika kutoka kwenye kabichi mpaka kidevuni, akasema kwa upole kabisa, "Jifunike vizuri, Bwana Meneja. Usije ukalowa ukafanana na mume wangu."

Sikuzungumza siku mbili. Siku ya tatu nikachukua jembe.

Lakini mikono iliyopima sukari miaka minane haiujui mlima. Nililima lile shamba letu la juu, na matuta nikayateremsha kufuata mteremko, kwa kuwa ndiyo nafuu kwa mgongo. Hakuna mtoto wa milima hii asiyejua kwamba tuta hulikatisha shamba, haliteremki nalo. Nami nilijua. Ila kupima tuta lililolala sawa ni kazi yenye ujuzi wake, na mimi niliona haya kuuliza. Meneja mzima aulize namna ya kulima? Nikalima haraka kabla watu hawajapita. Mvua za vuli zilipokuja, udongo wangu wote na mbegu zake ukahamia kwa jirani wa chini. Na jirani wa chini, kama unavyojua, ni Mzee Hoza. Karoti zake zilikuwa zimebakiza wiki mbili zing'olewe. Zikalala chini ya tope langu.

Nilikwenda asubuhi ile ile. Nilimkuta amesimama katikati ya tope na kile kipimo chake, fimbo tatu zilizofungwa mfano wa herufi A, na kamba yenye jiwe inaning'inia kutoka juu. Kamba ikitulia kwenye alama ya katikati, ujue miguu yote miwili imesimama usawa mmoja. Unapiga kigingi, unasogea. Kipimo kile alikipata kwa bwana shamba. Na hapa nikwambie kitu. Ujanani mwake Mzee Hoza alikuwa mmoja wa watu waliokataa katakata matuta ya mkoloni, na wenzake walimsifu kwa hilo miaka yote. Halafu, amekwisha pita sabini, akaenda kukaa kwenye benchi la semina pamoja na vijana, akajifunza kupima matuta, akawa wa kwanza kijijini kuyachimba. Sikusikia mtu yeyote akisema Mzee Hoza si Mzee Hoza tena.

Nikasema, "Shikamoo, Mzee."

Hakuitikia. Unajua ilivyo kunyimwa marahaba. Unabaki umesimama, mikono hujui pa kuiweka. Niliona ananyimwa mtu anayestahili kunyimwa, nikakubali. Baada ya muda akasema, "Chukua vigingi."

Nikachukua. Tukaanza kupima, yeye na fimbo zake, mimi na vigingi na nyundo, kutoka shamba lake kupanda kwenye langu. Alisema ya kazi tu. Juu kidogo. Rudi. Hapo, piga. Tulipofika katikati ya shamba langu kamba ikakatika, na jiwe likabingirika mpaka chini kwenye mto. Mzee akatafuta jiwe jingine pale, lakini mvua ilikuwa imeyasomba yote. Kisha akanitazama kifuani.

"Huo una kazi gani?"

Nikautazama nami. Nilikuwa nimekwenda kulima na ufunguo shingoni.

"Hauna," nikasema.

Akanyoosha mkono. Nikauvua, akaufunga kwenye kamba. Ukayumba, ukayumba, ukatulia juu ya alama. Tukaendelea. Nilidhani nitajisikia uchi, na hatua za kwanza nilijisikia hivyo kweli. Kisha tukafika kwenye ule mwamba wa juu, nikawa nafikiria namna ya kuuzungushia tuta, nikasahau.

Tulipima mpaka adhuhuri. Nilipobeba jembe langu ili niondoke, akasema, "Marahaba."

Alisema kama vile nimemwamkia dakika ile ile. Nikaweka jembe chini nikalia mbele yake, mtu mzima mwenye watoto wanne. Aliniacha nikamaliza. Nikamwambia habari ya kilo sita nyuma ya pipa, maana nilitaka nisamehewe jambo lenyewe hasa na si nusu yake. Akasema alijua, foleni nzima ilijua. Halafu akasema, "Athumani, siku ile mimi niliisalimu sukari. Kilichonishangaza ni kwamba uliitikia wewe."

Basi, Zubeda, hilo ndilo jibu la swali lako. Nimechelewa miaka kumi na mitatu. Babu Hoza hakuwa ananiamkia mimi, na mimi ndiye pekee mle dukani ambaye sikujua. Hata wewe ulijua.

Huko unakokwenda watakuvika gauni na kofia. Watakuita Sista kabla hujajua kushika sindano. Mama mwenye mtoto mwenye homa atakuchekea jambo lisilochekesha, na wazee watakunyenyekea mpaka ujisikie mrefu. Usiwachukie, wana shida. Ila wakati huo kumbuka kwamba wanaiamkia dawa. Wewe wapimie kile wanachostahili, na kilichopo useme kipo.

Na ikija siku ukavuliwa gauni, kwa mtihani, kwa uhamisho, kwa ndoa, kwa uzee, au kwa sababu tu nchi imeamua kugeuka tena bila kutuuliza, kutakuwa na kipindi utajihisi huna jina. Nilikaa humo mwaka mmoja na nusu na sikufa. Nilipotoka nikakuta nimebaki na mambo mengi kuliko nilivyodhani. Nilibaki na mama yako, ambaye hakuwahi kumpenda meneja hata siku moja. Nilibaki na mikono, ambayo kumbe inafundishika. Hata utani nilibaki nao. Sasa unachekesha mara moja katika tatu, lakini kicheko hicho kimoja ni halali yangu.

Wewe sina wasiwasi nawe. Nakwambia hivyo si kwa kukutuliza. Unajua sikutulizi mimi, hata ulipong'oka jino nilikuambia litauma. Nakwambia kwa sababu nilikuona. Foleni ile ilikuwa na watu wazima zaidi ya arobaini, wote wameona nilichofanya, wote wakatazama chini kwa kuhofia sukari zao. Aliyeuliza ni mtoto wa miaka saba juu ya gunia. Huyo ndiye wewe, na hakuwa na gauni wala cheti. Vingine vyote vibadilike. Badilisha mavazi, badilisha namna ya kusuka nywele, jifunze mambo ambayo sisi hatutayaelewa utakapokuja kutueleza, ubishane na mama yako kuhusu chumvi. Rudi na lafudhi ya Muheza ukipenda. Nitakujua tu. Siku ile nilikuambia unyamaze, na leo ninalifuta neno hilo.

Mama yako ameniambia unautaka ule ufunguo, uwe nao huko kama kumbukumbu. Sikupi. Wenyewe una kazi. Mwezi ujao tunakwenda kupima shamba la mjomba wako, na Mzee Hoza hataki jiwe tena. Anasema ufunguo unatulia haraka.

Kesho asubuhi tukiteremka tutapita kwake. Amesema hataki kumuaga mtu aliyekwisha kaa ndani ya basi. Ukisoma haya utakuwa umekwisha kuniona nikitangulia kumwamkia, kama kila siku, na umemsikia akichelewa kidogo kuitikia, kama kila siku. Sasa unajua kwa nini huwa nasubiri kwa furaha.

Na huko mbele, asubuhi moja yenye foleni ndefu, umechoka, gauni limekubana, atafika mbele yako mzee fulani usiyemjua. Ana mtu wake anaumwa. Atavua kofia yake, ataishika kwa mikono miwili, na utaona midomo yake inaanza kufunguka.

Muwahi, mwanangu. Muwahi wewe.

Baba yako,
Athumani